UZI: Majani dhidi ya "fangasi" wa mayai ya kambale. Tunapima nini hasa?

Sezibwa (mleta mada), Kampala

Wadau wa ufugaji, habari za jioni.

Kila mvua zikianza humu ndani linarudi swali lile lile: mayai ya kambale yamefunikwa na pamba nyeupe kabla hayajaanguliwa, nifanye nini? Majibu nayo hayabadiliki. Mmoja atasema chumvi, mwingine mwarobaini, mwingine kitunguu saumu, na hakosekani wa kunong'ona "ile dawa ya kijani". Mimi niko kwenye maabara ndogo ya magonjwa ya samaki, na wenye vituo vya vifaranga kule Mukono na Wakiso hutuletea mayai yao yakiharibika. Tumekuwa tukipima dondoo za mimea ya hapa Uganda dhidi ya huyu mgeni mweupe. Nimeona niandike, maana watu wanamwaga majani kwenye matangi kwa kukisia tu.

Kwanza tumjue. Mnayemwita fangasi si fangasi. Jina lake ni Saprolegnia. Ana nyuzi kama fangasi na huanzia kwenye maiti kama fangasi, lakini kwa ukoo yuko karibu na mwani wa kahawia kuliko uyoga. Kundi lake huitwa oomisete. Ukuta wa seli yake ni selulosi na glukani kwa sehemu kubwa, kitini, kile kinachojenga kuta za fangasi, ni kidogo mno. Hili si somo la darasani tu. Dawa nyingi za fangasi, kuanzia klotrimazoli ya kupaka hadi amfoterisini ya mshipani, hulenga ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye utando wa seli ya fangasi. Oomisete hajengi utando wake kwa ergosteroli. Saprolegnia hujitengenezea steroli za namna nyingine, na binamu yake Pythium hatengenezi kabisa. Kwa hiyo mti uliosifiwa kuwa unaua kandida au mapunye haujathibitisha lolote kuhusu mayai yako. Unaanza kuupima upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa.

Ukoo huu mnaujua hata kama jina ni geni. Ugonjwa unaokausha viazi Kabale kwa wiki moja ya ukungu na manyunyu, Phytophthora infestans, ni wa kundi hili. Ndiye aliyeiletea Ireland njaa kuanzia 1845. Kuoza kwa mizizi ya maharage Kabale na Kisoro, Pythium yumo.

Sasa anavyosambaa. Chakula kikimwishia, ncha za nyuzi zake huvimba na kuachia zoospora, vijimbegu vyenye mikia miwili vinavyoogelea. Kikikosa pa kushika, kijimbegu hujikunja kikawa kifuko, halafu hutoka tena na kuogelea upya. Yai moja lililokufa ndani ya beseni linatosha kuwa kiwanda. Na mayai ya kambale kwenye maji ya nyuzijoto 28 huanguliwa kwa takriban siku moja, kwa hiyo nafasi yako ya kutibu ni saa chache.

Ile dawa ya kijani, malakaiti, inamuua kweli, na ndiyo maana watu wameshindwa kuiacha. Lakini hubaki kwenye nyama ya samaki ikiwa imegeuka umbo lisilo na rangi, inashukiwa kuleta saratani, na Ulaya hairuhusiwi kwa samaki wa kuliwa. Wenye umri wangu mnakumbuka 1999, samaki wa Ziwa Victoria walivyofungiwa soko la Ulaya kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu. Viwanda vya Jinja na Kampala vililia. Hatuhitaji marudio.

Ndiyo sababu tukageukia majani. Maswali karibu.

Fundi Bwawa, Busia

Mkuu mnatuchanganya. Mimi mwarobaini natumia miaka yote na vifaranga wanatoka. Nachemsha, nachuja, namwaga. Hiyo selulosi siijui na sina haja nayo 😂

Sezibwa (mleta mada)

Fundi, sibishi kwamba vifaranga wanatoka. Nakuuliza: siku hiyo hiyo, mayai ya jike hilo hilo, uliwahi kuweka beseni la pili lisilo na mwarobaini? Kama hukuweka, unachojua ni kwamba mwarobaini wako haukuwaua wote. Jike mzuri, manii mazuri, maji yanayopita vizuri, vifaranga watatoka hata ukimwaga chai.

Fundi Bwawa, Busia

Beseni la pili nitoe wapi na wateja wanasubiri? Haya. Nimekusikia.

Mama Kambale, Jinja

Asante kwa uzi, ssebo. Tuambie basi ni miti gani mmepima, tena kwa majina ya kwetu, si ya Kilatini peke yake. Na uniambie kama kitunguu saumu kinafaa maana mimi nakichemsha kilo nzima.

Sezibwa (mleta mada)

Mama, naanza na kitunguu saumu kwa sababu hapo unapoteza hela. Nguvu ya kitunguu saumu ni alisini, na alisini haimo ndani ya punje ikiwa nzima. Hutengenezwa pale unapoiponda, kimeng'enya kinapokutana na kitu kingine kilichokuwa kimetengwa nacho. Ukitia punje nzima kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi. Unabaki na supu. Ponda kwanza, acha dakika kadhaa, changanya na maji ya baridi, tumia siku ile ile. Kwenye sahani zetu kitunguu kilichopondwa kibichi kilizuia nyuzi, kilichochemshwa hakikufanya kitu cha maana. Ila alisini haidumu, na huumiza matamvua ya vifaranga kama umezidisha. Kipimo cha kusema "punje kadhaa kwa beseni" sikipi kwa mtu yeyote.

Karambaki (Warburgia ugandensis, huku Buganda wengine huuita abasi). Huu ndio mti wenye sifa. Ganda lake linawasha kama pilipili, na kinachowasha ni poligodiali na wenzake, ambavyo kweli hushambulia utando wa seli za fangasi. Saprolegnia naye hakuupenda. Dondoo ya ethanoli ilimsimamisha vizuri, ya maji kidogo. Nikafurahi. Halafu tukaweka dondoo ile ile kwenye beseni lenye mayai. Utando mweupe haukuota, na vifaranga hawakutoka. Poligodiali ni sumu kwa samaki wadogo, na kwa kiwango kilichomzuia Saprolegnia hatukupata nafasi ya kupumua. Dawa inayosafisha beseni kwa kuua kila kilichomo haina tofauti na jiki.

Mjafari (Zanthoxylum chalybeum, ntale ya ddungu) ulikuwa wa katikati. Mululuza, ule mchungu ambao kila jajja (bibi) anao nyuma ya nyumba, hatukuona jambo.

Majani ya mpera na ya mkungu (mti Terminalia catappa, si mkungu wa ndizi) yalinishangaza. Kwenye sahani ni dhaifu, mtu angeyatupa. Lakini yamejaa tanini, na tanini huondoa ule unato wa mayai ya kambale. Mayai yasiyogandamana hupata hewa, na lililokufa halimshiki lililo hai. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Asia hutumia majani ya mkungu miaka mingi. Angalieni tu: tanini ikizidi hukaza ganda la yai na kifaranga kinakwama ndani.

Ambayo hatukuigusa kabisa: oluwoko na muluku. Oluwoko (Phytolacca dodecandra) ndio ule ambao Aklilu Lemma wa Ethiopia aligundua mwaka 1964 kwamba unaua konokono wa kichocho, na saponini zake haziwabagui samaki. Muluku (Tephrosia vogelii) watu wameutumia tangu zamani kuvua kwa sumu. Kuna mtu humu mwezi uliopita alishauri muluku kwa "fangasi wa bwawa". Banange! Huyo asikilizwe na mwenye kutaka kufunga biashara.

Mpenda Ukweli, Kampala

Nimesoma yote. Swali moja tu la kikatili: haidrojeni peroksidi ipo, hubaki maji na oksijeni, Marekani imeidhinishwa kwa mayai ya samaki kati ya miligramu 500 na 1,000 kwa lita moja, dakika 15, kutegemea aina ya samaki. Inauzwa duka la dawa. Majani ya nini? Tunapenda tu kusema "utafiti wa dawa za asili" kwa sababu unavutia wafadhili.

Sezibwa (mleta mada)

Mpenda Ukweli, umepiga penyewe, na sehemu ya mwisho ina ukweli wake ambao sitaujadili hapa 😅

Peroksidi ndiyo tunayolinganishia. Kila dondoo inapimwa pembeni yake. Mti usioishinda, au usiokaribiana nayo kwa bei ndogo, hauna haja ya kuendelea, hata ukiwa na hadithi nzuri kiasi gani. Na kwa mfugaji anayesoma leo na mayai yake yako ndani ya maji: peroksidi, si majani. Ile chupa ya asilimia 3 ya duka la dawa ina kama miligramu 30 kwenye kila mililita, kwa hiyo miligramu 500 kwa lita ni mililita 17 hivi za chupa ile. Anza chini, jaribu kwenye mayai machache, kisha suuza kwa maji safi.

Sababu ya kuendelea na majani ni mbili. Chupa ndogo za duka la dawa zinatosha beseni, hazitoshi kituo chenye matangi, na ile kali ya asilimia 35 si kila mtu anaipata, tena inaunguza ngozi na macho. Ya pili, peroksidi inafanya kazi dakika zile unazoimwaga kisha imekwisha. Kitu cha kukaa ndani ya maji kwa kiwango kidogo, kikiwazuia zoospora wasitue, kingekuwa na faida ambayo peroksidi haina. Sijakipata. Natafuta.

Mpenda Ukweli, Kampala

Jibu zuri. Naondoa neno "kikatili".

Mwanafunzi wa Kihihi, Mbarara

Shikamoo mkuu. Mimi niko mwaka wa mwisho wa sayansi ya maabara hapa Mbarara na nataka mada ya utafiti karibu na hii. Naomba kuuliza, huyu Saprolegnia mnampata wapi safi? Na je, ile njia ya vidonge vya karatasi vyenye dondoo juu ya agari (jeli ya kuoteshea), kupima upana wa eneo wazi kwa rula, inatosha? Msimamizi wangu anasema inatosha.

Sezibwa (mleta mada)

Marahaba. Nitajibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za utafiti zinapozama.

Kumpata ni rahisi kuliko unavyodhani: simsim. Chemsha punje za simsim, zikate nusu, ziache zielee kwenye sahani yenye maji ya bwawa au mayai yaliyooza. Baada ya siku mbili tatu utaziona zina ndevu. Chukua ncha ya unyuzi, hamishia kwenye agari yenye dawa za kuzuia bakteria, rudia mpaka abaki peke yake. Kisha weka chini ya hadubini uthibitishe kwamba nyuzi hazina kuta za kukatiza kama za fangasi wengi, na kwamba anatoa zoospora. Ukimtoa kwenye chakula kizuri ukamtia kwenye maji matupu yaliyochemshwa na kupoa, njaa itamfanya azitoe. Ukiweza kupata kipimo cha vinasaba, kifanye. Watu wamewahi kupima Achlya, oomisete mwingine, au hata fangasi wa kawaida wakaandika Saprolegnia.

Sasa vidonge vya karatasi. Heshima kwa msimamizi wako, lakini fikiria kinachopimwa pale. Dondoo lazima itoke kwenye karatasi, itembee ndani ya agari, na agari ni maji. Kitu chenye asili ya mafuta hakitembei. Kitabaki pale pale kwenye karatasi na wewe utaandika "hakuna athari", wakati jirani yake mwepesi wa kuyeyuka atakuwa na duara kubwa kwa sababu ni mwepesi wa kutembea, si kwa sababu ni mkali. Duara linakuchagulia wakimbiaji. Tumia ngazi za kuzimua ndani ya kimiminika: kila kisima (kishimo cha sahani ya kupimia) nusu ya nguvu ya kilichotangulia, tia kipande cha simsim chenye nyuzi, tazama wapi kinakoma kuota.

Usisimame hapo. Kilichokoma kuota kitoe, kisuuze, kirudishe kwenye chakula safi. Vingi vitaamka. Hapo umejua kwamba dondoo yako inamlaza, haimuui, na kwenye kituo cha vifaranga tofauti hiyo utaiona asubuhi yake.

Pima zoospora peke yao pia. Zinapoogelea hazina ukuta, ni uchi, hufa kwa kiwango ambacho nyuzi zinakicheka. Ukiripoti zoospora tu, dawa yako itaonekana ya ajabu. Ukiripoti nyuzi tu, unaweza kutupa kitu ambacho kingefaa kwa kinga.

Halafu kisima cha kiyeyushi peke yake. Tafadhali. Dondoo ya ethanoli isiyokaushwa ina ethanoli, na ethanoli inaua Saprolegnia, yai na kifaranga bila kusaidiwa na mti wowote. Kausha, yeyusha upya kwa DMSO (kiyeyushi kingine) kidogo, ikae asilimia 1 ya mchanganyiko au chini yake, na uwe na visima vyenye DMSO hiyo bila mti. Andiko lisilo na kisima hicho mimi nalifunga ukurasa wa kwanza.

Mwisho, mayai. Jike mmoja, yaliyorutubishwa pamoja, yagawe. Usihesabu walioanguliwa ukaenda nyumbani. Ngoja kiini kimalizike, karibu siku tatu, uhesabu walio hai na walionyooka mgongo. Kinachotafutwa ni umbali kati ya kiwango kinachomzuia Saprolegnia na kiwango kinachoumiza kifaranga. Karambaki wetu umbali huo haukuwepo. Kwenye sahani peke yake tungemtangaza bingwa.

Mwanafunzi wa Kihihi, Mbarara

Asante sana mkuu. Je, vibali? Na majani niyatoe msituni au sokoni?

Sezibwa (mleta mada)

Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kwa utafiti wenyewe, na kama unaingia hifadhi ya msitu ni NFA, mamlaka ya misitu. Sokoni usinunue unga, hujui ni nini. Pata mtaalamu wa mimea akutambulie tawi lenye maua, na hifadhi mfano wake. Na chonde, majani badala ya maganda kila inapowezekana. Karambaki ukichunwa ganda kuzunguka shina unakufa, na tayari watu wameichuna vya kutosha. Jani la mti huo huo la msimu wa kiangazi na la masika si lazima viwe na nguvu sawa, kwa hiyo andika tarehe na mahali.

Daktari wa Mifugo, Arua

Nimechelewa kuuona uzi huu. Naongeza upande wa wanyama wa nchi kavu na watu, maana kuna mtu ataogopa kuuliza.

Saprolegnia hamshambulii mtu. Shikeni mayai yenu kwa amani. Lakini yule binamu, Pythium, ana ndugu mmoja mbaya anayeitwa Pythium insidiosum. Anaishi kwenye maji yaliyotuama, zoospora zake huvutwa na nywele na majeraha. Farasi wanaosimama kwenye madimbwi hupata vidonda vya kutisha miguuni. Kwa watu, nchi inayojulikana zaidi ni Thailand, hasa wakulima wa mpunga wenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Huingia kwenye mishipa ya mguu, na mara nyingi tiba ni kukata mguu kabla hajapanda. Wengine humpata jichoni.

Na hapo ndipo hoja ya mleta mada inapata uzito. Daktari akiona nyuzi kwenye hadubini ataandika dawa ya fangasi, siku zinapita, mguu unaendelea kuoza. Siku hizi wanaoijua huongeza azithromaisini na linezolidi, na kwa jicho hata minosaiklini. Hizo ni antibiotiki za bakteria! Zinafanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa protini, jambo ambalo dawa za fangasi haziligusi. Kuna pia sindano ya kinga inayotengenezwa kutokana na kiumbe mwenyewe. Kwa farasi imesaidia wengi, kwa watu matokeo ni mchanganyiko.

Kwa hiyo wanaotafuta dondoo za mimea dhidi ya Pythium insidiosum wana sababu. Ila masharti ni magumu kuliko ya yai: dawa ipite kwenye damu, ifike kwenye mshipa ulioziba, na imwache mgonjwa hai.

Sezibwa (mleta mada)

Daktari asante. Nilitaka kuigusa nikaogopa kuutawanya uzi. Hiyo habari ya antibiotiki ndiyo ninayowaambia vijana wangu: uliza dawa inabonyeza wapi kabla hujauliza inatoka mti gani.

Kiazi Mfalme, Kabale

Sasa majani hayo yanafaa kwa viazi? Maana huku Dithane, dawa tunayopulizia viazi, imepanda bei.

Sezibwa (mleta mada)

Mzee, usiyahamishe hivyo hivyo. Jani la kiazi linapigwa jua na mvua, vitu kama azadirakitini ya mwarobaini huvunjika kwa mwanga. Waulize watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano, wako hapo kwenu, na uwaulize pia kuhusu viazi vinavyostahimili. NARO (shirika la taifa la utafiti wa kilimo) na wenzao wa CIP (kituo cha kimataifa cha viazi) wamefanyia kazi aina ya kiazi iitwayo Victoria yenye jeni tatu za kuhimili ugonjwa huo. Mbegu itakusaidia kuliko pampu.

Tiba Asili Original

Wapendwa, ninayo DAWA YA ASILI iliyothibitishwa MAABARA, inaua fangasi wa samaki, kuku na BINADAMU, chupa moja tu, delivery Kampala yote. Inbox.

Mpenda Ukweli, Kampala

Imethibitishwa maabara gani, dhidi ya nini, kwa kiwango gani?

Mama Kambale, Jinja

Na kisima cha kiyeyushi ulikuwa nacho? 😂😂

Tiba Asili Original

Watu wa humu hamna imani. Hata Covidex mliikataa.

Sezibwa (mleta mada)

Covidex hatukuikataa. NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, iliiruhusu Juni 2021 kama dawa ya mitishamba ya kusaidia tiba, si kama tiba ya korona, na tofauti hiyo ndiyo wauzaji wengi waliyoimeza. Wewe pia nenda NDA na chupa yako. Ikitoka na namba, rudi hapa nitaipima bure.

Kamachumu, Bukoba

Jirani zenu toka ng'ambo ya Kagera. Huku tunaangulia mayai ya kambale kwenye mizizi ya magugu maji. Utando unatusumbua sana, hasa tukitumia maji ya ziwani moja kwa moja. Mnashaurije kabla ya dawa yoyote?

Sezibwa (mleta mada)

Karibu jirani. Mizizi ya magugu maji inashika mayai vizuri, na inashika kila kitu kingine pia. Unaleta zoospora pamoja na kitanda. Jaribu wavu wa matundu madogo uliokazwa kwenye fremu, mayai yatawanyike safu moja, yasipandane. Kifaranga akitoka hupenya chini, mayai yaliyokufa na utando hubaki juu. Fremu unainua nzima nzima na kuitoa. Hapo umeondoa kiwanda chote bila tone la dawa.

Maji ya ziwani yachuje au yatulie kwanza. Na angalia urutubishaji wako. Yai lisilorutubishwa huwa jeupe baada ya saa chache na ndilo analoanzia. Ukikamua jike kabla muda haujatimia baada ya sindano ya homoni, kwenye nyuzijoto 25 au 26 ni kama saa 10 hadi 12, unapata mayai mabichi mengi, na hakuna mti wa Uganda wala wa Tanzania utakaokuokoa.

Fundi Bwawa, Busia

Mkuu, ripoti fupi. Mabeseni mawili, jike mmoja, moja na mwarobaini wangu na jingine maji tu. Fremu ya wavu kote. Utando kidogo sana pande zote mbili, na lile la mwarobaini vifaranga wake ni wachovu, wamelala chini. Nasubiri kiini kiishe nihesabu.

Sezibwa (mleta mada)

Fundi, hesabu na waliopinda pia. Na usimwage maji ya mwarobaini kwenye bwawa la wakubwa.

Fundi Bwawa, Busia

Nimemwaga kwenye migomba.

Mama Kambale, Jinja

Mimi nataka kujaribu majani ya mkungu. Makavu au mabichi? Na nijue vipi kwamba tanini imezidi kabla ganda halijakaza?

Sezibwa (mleta mada)

Makavu yaliyoanguka yenyewe, yaoshe, loweka usiku kucha, chuja. Gawa mayai kwenye vibeseni vinne: maji tu, na maji ya majani yaliyozimuliwa kwa ngazi tatu. Tazama kwa kioo cha kukuzia karibu na saa ya kuanguliwa. Ukiona kifaranga kinapinduka pinduka ndani lakini mkia hautoki, ngazi hiyo imezidi, hamisha mayai kwenye maji safi mara moja. Tuma picha za vibeseni vyote vinne, hata kile kilichokufa.

Mama Kambale, Jinja

Jike nampiga sindano Ijumaa jioni. Nitaleta picha Jumapili.